RX 580 au GTX 1060: Kadi ipi ya mtumba inastahili pesa yako?

Ingia duka lolote la kompyuta za mtumba, sema unatafuta kadi ya grafiksi ya kuchezea gemu kwa bei poa. Majina mawili hayakosi kutajwa: GTX 1060 ya Nvidia na RX 580 ya AMD. Zote ni za zamani, zote bado zinadunda, na muuzaji atakuambia maneno yale yale kuhusu kila moja: "Hii inapiga gemu zote, bosi."

Hapo ndipo pa kuwa makini. Hakuna kati ya hizo mbili inayopiga gemu zote. Na si kweli kwamba ukibeba yoyote ni sawa tu. Zinatofautiana kwenye memori, umeme, draiva, na hata kwenye aina ya ujanja unaoweza kupigwa nao. Ukikosea, hela uliyojikusanyia kwa miezi kadhaa inaishia kwenye kadi inayozima kompyuta kila ukifungua gemu, au kadi ambayo siyo ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Huu hapa ulinganisho, kuanzia mwanzo hadi kwenye kulipa.

Zilitoka lini na kwa bei gani

GTX 1060 ya GB 6 iliingia sokoni Julai 2016, bei ya kuanzia dola 249. Ilipendwa mno. Kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa namba moja kwenye takwimu za Steam za kadi zinazotumiwa na wachezaji, mpaka ilipopitwa na GTX 1650 mwishoni mwa 2022.

RX 580 ilifuata Aprili 2017. Ya GB 8 ilianza na dola 229, ya GB 4 ikaanza na dola 199. Haikuwa kadi mpya kabisa, ilikuwa RX 480 ya mwaka uliotangulia iliyoongezwa kasi.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hawa walikuwa wapinzani wa bei moja, na mpaka leo kwenye mtumba bado wanakutana.

Namba muhimu kwa ufupi

GTX 1060 ya GB 6:
- Memori: GB 6 za GDDR5
- Kasi ya memori: GB 192 kwa sekunde
- Umeme: wati 120
- Waya wa umeme: kwa kawaida pini 6
- Pawa saplai inayoshauriwa: wati 400

RX 580 ya GB 8:
- Memori: GB 8 za GDDR5
- Kasi ya memori: GB 256 kwa sekunde
- Umeme: wati 185
- Waya wa umeme: kwa kawaida pini 8, nyingine 8 na 6
- Pawa saplai inayoshauriwa: wati 500

Utaona pia idadi ya viini vya kuchakata: 1280 kwa GTX 1060 na 2304 kwa RX 580. Usidanganyike ukadhani RX 580 ina nguvu karibu mara mbili. Viini vya Nvidia na vya AMD havifanani, kwa hiyo namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini zikariri, zitakusaidia baadaye kumnasa muuzaji mjanja.

Nani ana kasi zaidi?

Zilipotoka, GTX 1060 ilikuwa mbele kidogo kwenye gemu nyingi za wakati ule, hasa zilizotumia DirectX 11. RX 580 ilijibu mapigo kwenye gemu za DirectX 12 na Vulkan. Gemu ya Doom ya 2016, kwa mfano, ilipocheza kwa Vulkan kadi za AMD zilipata nguvu sana.

Miaka ilivyokwenda, gemu nyingi zikahamia DirectX 12 na Vulkan, na RX 580 ikapanda. Leo kwenye gemu nyingi mpya kidogo RX 580 ya GB 8 inalingana na GTX 1060 au inaipita kidogo. Neno kubwa hapa ni "kidogo". Ukiwekewa kompyuta mbili bila kuambiwa ipi ni ipi, mara nyingi jicho halitaona tofauti.

Kwenye skrini ya 1080p, zote mbili zinaendesha Valorant, Fortnite na GTA V ya 2015 vizuri, zaidi ya fremu 60 kwa sekunde ukipanga mipangilio yako kwa akili. Kwa anayecheza mpira na marafiki au gemu za mtandaoni, zote zinatosha.

Kwenye gemu nzito, zote zinapumulia juu juu. Tangu 2023, watengenezaji wa Cyberpunk 2077 wanazitaja kadi hizi mbili kwenye mstari mmoja: GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8 ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuichezea. Yaani hata wenye gemu wanaziona ni pacha.

Pale ambapo zote mbili zinagoma

Kuna gemu ambazo hakuna mipangilio itakayokuokoa. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na DOOM: The Dark Ages ya Mei 2025 zinataka kadi yenye uwezo wa kufuata miale ya mwanga, ule unaoandikwa "ray tracing" kwenye menyu. GTX 1060 na RX 580 hazina vifaa hivyo ndani yake. Starfield nayo inaanzia juu zaidi, kwenye GTX 1070 Ti au RX 5700.

Kama gemu unayoitamani ni moja ya hizi, funga pochi. Hela ya kadi yoyote kati ya hizi mbili itakuwa imepotea, bora uendelee kujichanga upate kadi ya kizazi cha mbele.

GB 6 au GB 8: Tofauti inaonekana wapi?

Memori ya kadi ndiyo meza ambayo gemu inatandaza picha zake. Meza ikijaa, kompyuta inaanza kukimbia kuchukua picha kwenye RAM ya kawaida, ambayo ni ya mbali na ya polepole. Matokeo yake ni gemu kukwama kwama hata kama fremu kwa wastani zinaonekana nyingi.

Kwenye gemu za zamani na za mtandaoni, GB 6 zinatosha. Kwenye gemu kubwa za miaka ya karibuni, hali ni nyingine. The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, hata wenye kadi za GB 8 walilalamika. Hapo mwenye RX 580 anaweza kuacha picha kwenye kiwango cha kati, wakati mwenye GTX 1060 analazimika kushuka zaidi.

Kwa hiyo kwenye memori, RX 580 ya GB 8 inashinda bila ubishi.

Umeme: Gharama isiyoandikwa kwenye boksi

Hapa upepo unageuka. Tofauti ya kadi hizi ni wati 65. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu.

Ukicheza saa 4 kila siku kadi ikiwa kwenye kazi kamili:
- GTX 1060 inakula uniti 14 na kidogo kwa mwezi
- RX 580 inakula uniti 22 na kidogo kwa mwezi

Tofauti ni karibu uniti 8 kila mwezi, au uniti 94 hivi kwa mwaka. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, uniti 8 sio mchezo. Ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mgao wote wa nyumba, na hapo hujawasha friji wala pasi.

Tuseme uniti moja unainunua kwa shilingi 350. Uniti 94 ni karibu shilingi 33,000 kwa mwaka. Maana yake, RX 580 inayouzwa kwa bei ya chini ya GTX 1060 kwa shilingi 20,000 tu siyo nafuu kama inavyoonekana. Kabla mwaka haujaisha, umeme utakuwa umekula ile tofauti.

Umeme ukiingia kwenye kadi unageuka joto. Chumba kidogo, mchana wa joto la pwani, feni ya kadi inapiga kelele kama jenereta. Wenye RX 580 wanaijua hali hii vizuri. Na wanaotegemea sola au betri ya UPS watauona mzigo huo haraka zaidi.

Kompyuta yako inaweza kuibeba?

Hili ndilo swali ambalo wengi hujiuliza baada ya kulipa. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba ni zile za ofisini, Dell OptiPlex, HP za aina ya Elite na nyinginezo. Ni imara na bei yake ni nzuri, lakini zilitengenezwa kwa kazi za karani.

Nyingi zina pawa saplai ya wati 240 hadi 290 hivi, tena isiyo na waya wa pini 6 wala pini 8. Zile nyembamba hazina hata nafasi ya kuingiza kadi yenye kimo cha kawaida.

Kuna mafundi wanaotatua tatizo hili kwa adapta inayochukua umeme kutoka waya wa SATA, ule wa diski. Kataa. Waya huo haukutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo, na plagi zake zimewahi kuyeyuka. Kuokoa hela ya pawa saplai kusikugharimu kompyuta nzima.

Kama mashine yako ni ya aina hii na huwezi kubadilisha pawa saplai, achana na kadi zote mbili. Tafuta inayochukua umeme kwenye ubao wenyewe, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na pini. Kasi itapungua, ila kompyuta itabaki salama.

Kama pawa saplai ni ya wati 400 za kweli na ina pini 6, GTX 1060 inakaa bila wasiwasi. RX 580 inahitaji wati 500 kutoka kampuni inayoeleweka. Pawa saplai ya bei ya kutupa inaweza kuandikwa wati 600 ubavuni na isifike hata nusu yake kazini.

Prosesa ya zamani inabadilisha hesabu

Kwenye gemu za DirectX 11, draiva za AMD kwa kawaida zinaibebesha prosesa kazi nyingi kuliko za Nvidia. Ukiwa na prosesa mpya hutahisi. Ukiwa na Core i5 ya kizazi cha pili au cha tatu, ambazo zimejaa kwenye mtumba, utahisi.

Kwa hiyo kwenye kompyuta kongwe na gemu kongwe, GTX 1060 mara nyingi inakwenda laini zaidi.

Draiva: Uzee unabisha hodi

Draiva ndiyo programu inayoiwezesha kadi kuelewana na gemu. Kampuni ikiacha kuitengeneza vizuri, gemu mpya zinaanza kuleta hitilafu.

Mwaka 2023 AMD iliziweka kadi za kizazi cha RX 580 kwenye mkondo wao peke yao wa draiva. Tangu hapo masasisho huja mara chache, zaidi kwa ajili ya usalama na hitilafu kubwa.

Nvidia nayo ilitangaza 2025 kwamba kadi za kizazi cha GTX 1060 zitapata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, kisha masasisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028.

Hapa hakuna mshindi. Ila anayetumia Linux ana sababu ya kuchagua RX 580, kwa sababu draiva zake huria zinatunzwa na jamii ya watengenezaji, si na AMD peke yake.

Kama hutachezea gemu tu

Wapo wanaonunua kadi ili mchana ifanye kazi na usiku ifanye gemu. Kwa hao, GTX 1060 ina faida. Kifaa chake cha kubana video kinatoa picha safi zaidi ukirusha gemu mubashara, na programu nyingi za kuhariri zinaelewana na CUDA ya Nvidia. Blender, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, haitumii tena RX 580 kuchora picha zake kwa Cycles.

Mitego minne ya sokoni

Mtego wa kwanza ni jina. Kuna GTX 1060 ya GB 3. Watu hudhani imepunguzwa memori tu, kumbe hata viini ni vichache: 1152 badala ya 1280. Ni kadi nyingine iliyovaa jina lile lile. RX 580 ya GB 4 nayo ipo, viini ni vilevile ila kwa gemu za leo memori inabana.

Mtego wa pili unaitwa 2048SP. Mwaka 2018 ilitoka China RX 580 yenye viini 2048 badala ya 2304. Kwa ukweli hiyo ni RX 570 iliyobatizwa upya. Zinauzwa sana mtandaoni zikiwa zimeandikwa RX 580 kwa herufi kubwa, na hizo namba za SP zimefichwa chini. Siyo kadi mbaya, lakini ilipiwe kama RX 570.

Mtego wa tatu ni kadi za kuchimba sarafu za kidijitali. RX 580 ya GB 8 ilikuwa kipenzi cha wachimbaji wa Ethereum. Septemba 15, 2022 mfumo wa Ethereum ukabadilishwa, kuchimba kwa kadi kukafa siku hiyo hiyo, na kadi nyingi zikamwagwa kwenye mtumba. GTX 1060 nazo zilichimba, lakini RX 580 zaidi.

Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka kwanza ni feni na vile vipande laini vya kupitisha joto. Tatizo kubwa ni kwamba wachimbaji wengi walibadilisha BIOS ya kadi ili memori ikimbie kwa namna yao. Ukiichomeka nyumbani, Windows inafunguka vizuri, gemu inafunguka, halafu skrini inakuwa nyeusi. Fundi anayejua anaweza kurudisha BIOS ya asili, ila iwe sababu ya kushusha bei.

Mtego wa nne ni kadi feki. Kuna kadi za kale sana zilizoandikwa upya BIOS ili kompyuta izitambue kama GTX 1060. Ukiangalia jina kwenye Windows utaliona sawa kabisa, lakini ndani ni mzee wa zaidi ya miaka kumi.

Dakika ishirini kabla ya kulipa

Muuzaji mkweli hatakataa kadi ijaribiwe. Nenda na flashi yenye programu mbili za bure, GPU-Z na Unigine Heaven, kisha fuata hatua hizi:

1. Fungua GPU-Z. Kwa GTX 1060 angalia viini 1280, memori 6144 MB. Kwa RX 580 angalia viini 2304, memori 8192 MB. Tangu 2018 programu hii ina uwezo wa kuandika neno "FAKE" ikiigundua kadi feki ya Nvidia.

2. Washa Unigine Heaven kwa dakika 15. Tazama skrini. Madoa ya rangi, mistari au pembe tatu zinazochomoza ovyo ni dalili ya memori au chipu inayokufa.

3. Angalia joto. Likipita nyuzi 85 na bado linapanda, kadi inahitaji kusafishwa na kupakwa upya dawa ya kupitisha joto.

4. Sikiliza feni. Inayokwaruza au isiyozunguka itakupeleka kwa fundi ndani ya wiki.

5. Jaribu matundu yote ya HDMI na DisplayPort. Kisha ikague kadi kwa macho: kutu, skrubu zilizoliwa, au harufu ya kuungua.

Ukiambiwa "umeme hakuna, ijaribu ukifika nyumbani", subiri umeme urudi. Kama unanunua mtandaoni na huwezi kujaribu, omba video ya GPU-Z ikiwa wazi huku kadi ikionekana, na uhakikishe una haki ya kurudisha.

Basi ubebe ipi?

Chukua RX 580 ya GB 8 ikiwa una pawa saplai nzuri ya wati 500 au zaidi, prosesa yako siyo kongwe sana, unataka kucheza gemu za miaka ya karibuni, na bei yake iko chini ya GTX 1060 kiasi cha kufidia umeme.

Chukua GTX 1060 ya GB 6 ikiwa pawa saplai yako ni ndogo, kompyuta ni ya zamani, umeme wako ni wa kuhesabu, au utaitumia pia kurusha na kuhariri video.

Bei zikiwa sawa kabisa na kompyuta yako inaweza kubeba zote, GB 2 za ziada zinaipa RX 580 ushindi mwembamba. Lakini zikiwa mezani RX 580 iliyotoka kuchimba na feni inakwaruza, na GTX 1060 safi iliyopita majaribio yote, usiangalie jedwali la namba tena. Beba iliyo nzima.